Majembe Yasiyo na Mipini

Jumatatu, 3 Mfunguo Nne

Nimesali, nimefagia duka, nimepima chumvi. Shanga nyekundu zimekwisha, nyeupe hazitakiwi na mtu. Nyamwiza kaunguza ndizi tena. Mke mwenzangu huyu ana miaka miwili humu ndani na bado anapika kama mtu anayefukuzwa. Nimekula upande usioungua.

Adhuhuri ushuru wa chuma umeletwa. Kila shimo la mlimani na kila tanuri hutoa majembe kwa Mkungu, mtawala wa hapa, msimu hadi msimu. Yamewekwa kwetu, kwa kuwa katika Kituntu nzima ni nyumba yetu tu yenye mlango wa mbao na kufuli. Sefu, mume wetu, alikuwa anasugua mikono. Ufunguo kanipa mimi, maana yeye hata kofia yake huitafuta ikiwa kichwani. Nimeufunga kwenye pindo la leso.

Majembe ni mapya, hayajatiwa mipini. Nimekumbuka kosa langu la mwaka wa kwanza, nilipotoka Tabora. Nilichukua jembe kama hili dukani, nikalitia mpini, nikapalilia vitunguu vyangu. Sefu nusura alie. Kumbe huku jembe safi ndilo fedha. Linanunua mbuzi, linaoa mke, linavuka mto Kagera na kurudi na pembe. Likishatiwa mpini na kugusa udongo, hakuna mfanyabiashara atakayelipokea. Majirani walinicheka mwezi mzima. Nilikasirika, maana vitunguu vilikuwa vizuri.

Jumatano, 5 Mfunguo Nne

Shimo la chuma limeporomoka. Wanaume wanne. Wamefukuliwa watatu, wote maiti, wa nne kaachwa humo humo kwa kuwa ukuta wa pili ulianza kumwagika.

Huyo wa nne ni Bamanya, kaka yake Nyamwiza.

Kakaa jikoni tangu habari ilipofika. Halii. Nimempelekea uji, kasema, “Shikamoo, Bi Mkubwa,” kama siku zote, kisha kauweka chini. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nimerudi dukani nikapanga shanga zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Ijumaa, 7 Mfunguo Nne

Nimekwenda matangani. Mjane wa Bamanya ana watoto watatu, na miguu yake imeliwa na funza hata hawezi kusimama sawasawa. Ng'ombe walikufa kwa sotoka mwaka ule ilipopita. Kibanja chao cha migomba kimejaa magugu. Ukutani limeegemezwa jembe lililolika likabaki upana wa kiganja.

Nikauliza kwa nini mwanamke wa nyumba ya wachimba chuma analima na kipande kile. Wakaniangalia kama mgeni, na kweli ni mgeni. Siku hizi wanaume wenye nguvu ya kuvuta mivukuto ni wachache, funza wamewamaliza. Matanuri yaliyowashwa msimu huu yametoa chuma cha ushuru tu. Hayakubakiza hata jembe moja la nyumbani. Na mvua si mbali.

Nyumba nyingi ziko hivyo, si hiyo ya matanga peke yake. Majembe yao yote yako nyumbani kwangu, nyuma ya ukuta wa chumba ninacholala.

Jumamosi, 8 Mfunguo Nne

Baraza uani kwa Mkungu. Wanawake tulikaa nyuma ya ua wa matete, tunasikia vizuri kuliko wanaume wanavyodhani.

Bitegeko, mkuu wa wachimba chuma, ndiye aliyeanza. Ni mtu mkali, ana kovu la moto kutoka kiwiko hadi bega, na hajui kubembeleza. Alisema ushuru wa mwaka huu urudi kwa watu. Kwanza nyumba nne za waliokufa shimoni, kisha kila nyumba ambayo jembe lake limekwisha. Alisema chuma kimetoka mlimani na watu wamebaki humo, basi angalau chuma kiwalishe watoto wao.

Kazoba, mdogo wake Mkungu, akajibu. Simpendi Kazoba, lakini si mjinga. Alisema Wadachi wa boma la Bukoba wanawapima wakungu kwa nguo na kwa zawadi. Anayekwenda mikono mitupu hurudi na askari nyuma yake, na askari hawali magugu, wanakula mbuzi na ndizi za watu. Ushuru ndio unaonunua nguo hizo, ndio unaowazuia wasije. Tena, mkigawa mwaka huu, mwaka ujao nani ataleta? Kila mtu atakuja na shida yake mkononi.

Minong'ono ikazuka kwa wanaume. Wengine walikubaliana naye. Mimi mwenyewe kwa kitambo nilikubaliana naye, kisha nikaiona ile miguu ya mjane.

Ndipo Sefu akasimama. Mume wangu. Akasema msafara wake wa nguo umekwisha pita Biharamulo, na kwa majembe yale yote yuko tayari kumvisha Mkungu na wazee wake wote. Alisema kwa sauti tamu anayotumia kuuza kitambaa kilichoingiwa na panya.

Nilitamani ardhi inimeze. Nyamwiza alikuwa kakaa ubavuni mwangu.

Mkungu hakuamua. Kasema ataliwaza kwanza.

Jumapili, 9 Mfunguo Nne

Nyamwiza hasemi na Sefu. Kamwekea chakula mlangoni akaondoka. Sefu kaniuliza mimi ana nini. Nikamwambia kaka yake kafa. Akasema hilo analijua.

Jioni Nyamwiza kanifuata kisimani. Alizungumza Kiswahili polepole, akichagua neno moja moja. “Bi Mkubwa, ufunguo uko kwako. Nakuomba.”

Nikasema hapana. Nikasema upesi, kabla sijafikiri.

Naogopa, na naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sefu akiniacha sina mtu hapa. Wazazi wangu wamekufa, ndugu wako Tabora, na njia ni mwezi mzima kwa miguu. Nyumba hii ndiyo yote niliyo nayo. Nyamwiza ana shangazi na mashemeji kila kilima, mimi nina mkeka na Msahafu wa baba. Ni rahisi kwake kuomba.

Jumatatu, 10 Mfunguo Nne

Mkungu kaamua. Majembe yote auziwe Sefu. Nguo zikifika, kila mjane wa shimoni atapewa mikono minne ya kitambaa.

Mikono minne ya kitambaa. Atakipanda wapi?

Bitegeko kasimama akasema matanuri hayatawashwa tena, na mwakani Mkungu akachimbe mwenyewe. Kazoba kaapa kumpiga fimbo mbele ya watu wake. Wanaume wakasimama pande zote mbili. Mkungu kainua mkono, wakakaa, lakini hawakukaa kama walivyokuwa wamekaa mwanzo.

Sefu hakuona chochote. Njia nzima alizungumza habari za wapagazi. Wa hapa wamekataa kumbebea, kwa hiyo kesho anakwenda Kamuli kutafuta wengine. Siku tatu, labda nne.

Jumanne, 11 Mfunguo Nne

Sefu kaondoka baada ya alfajiri. Kaniambia nisimfungulie mtu mlango ule, hata akija Mkungu mwenyewe. Kaniambia mara tatu. Ya tatu kanishika bega, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyebeba kitu kizito. Nilimhurumia. Ana wasiwasi na msafara ule kuliko anavyosema, duka letu limelegea mwaka wote. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Mawingu upande wa ziwa. Joto baya. Nimegombana na Nyamwiza kwa sababu ya sufuria. Si sufuria tuliyokuwa tunagombania.

Jumatano, 12 Mfunguo Nne

Mvua imenyesha. Kubwa, tangu mapambazuko hadi saa nne.

Nilipeleka chumvi kidogo kwa mjane wa Bamanya. Nilimkuta amekaa chini kwenye tope, miguu imefungwa majani, anachimba mashimo ya maharage kwa kijiti. Mtoto mkubwa anatia mbegu. Alinisalimia vizuri, akacheka kidogo, akasema udongo leo ni laini. Alikuwa amefika mstari wa pili. Shamba lenyewe ni refu.

Nimerudi nikavua leso, nikautazama ule ufunguo. Nikamwita Nyamwiza. Nikamwambia awaite wanawake wenzake, kila mmoja aje na mpini wake, waje kesho mchana watu wakiona. Sitaki kufungua kwa kujificha, huo utakuwa wizi.

Hakunishukuru. Alisema tu, “Na wewe leta mpini, Bi Mkubwa.”

Alhamisi, 13 Mfunguo Nne

Nimefungua.

Wanawake walikuja wengi kuliko nilivyodhani, wengine wakitembea kwa visigino kwa ajili ya funza. Hakuna aliyesukumana. Walitangulia wajane wanne wa shimoni, mjane wa Bamanya kabebwa mgongoni na shemeji yake. Jembe la kwanza nilitia mpini mimi, nikaenda nyuma ya nyumba mbele ya kila mtu, nikalima. Nililima vibaya, kama kawaida yangu. Lakini likapata udongo. Kisha wote wakafanya vivyo hivyo pale pale, mpini kisha udongo, hata ua wangu ukawa shamba.

Kazoba alifika na watu wenye fimbo. Alikuta chumba kitupu na majembe yote yana tope. Akaokota moja, akaligeuza, akalitupa. Alijua kabla ya kuambiwa kwamba hayafai tena kuvuka mto. Nilidhani atanipiga. Akasema niende kwa Mkungu.

Nimekwenda. Nikakaa chini mbele yake. Mkungu akauliza nani kafungua. Nikasema mimi. Nani kanituma? Hakuna. Mume wangu anajua? Hajui.

Uani nyuma yangu watu walikuwa wamejaa, Bitegeko mbele yao na wachimbaji wake, mikono mitupu lakini wamesimama. Mkungu aliwatazama wao, hakunitazama mimi. Kazoba akamwinamia kusema kitu sikioni. Mkungu akamsukuma kando, akasimama.

Akasema, “Mtu asiseme majembe ya ushuru yameibiwa. Nimeyatoa mimi.”

Watu wakapiga makofi. Vigelegele vikaanza nyuma ya matete. Bitegeko akapiga goti kushukuru, uso umekunjamana kama ameng'ata ndimu. Mimi nilikuwa bado nimekaa chini, na wote wakanipita kwenda kumshukuru Mkungu.

Nimekasirika. Nimefurahi pia. Nimekasirika zaidi.

Jumamosi, 15 Mfunguo Nne

Sefu karudi na wapagazi kumi na wawili, hakuna cha kubeba. Habari alizipata njiani, kwa mwanamke aliyekuwa analima.

Hakupiga kelele. Hawezi kwenda kudai kwa Mkungu, maana Mkungu kasema katoa yeye, na nani atamwita mwongo? Aliwalipa wapagazi chumvi ya duka. Akanyoosha mkono nikampa ufunguo. Akaketi kitandani akiutazama.

Nilimwambia sababu yote, tangu kijiti hadi mwisho. Alisikiliza. Kisha akasema alinitaka jambo moja tu, nikalivunja mbele ya nchi nzima. Hilo ni kweli.

Akanipa talaka. Moja. Alimwita mwalimu kutoka kwa Waswahili wa barabarani awe shahidi, akaisema kwa sauti ya chini, akatoka nje akakaa na wapagazi.

Nimo ndani ya eda sasa, chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha majembe. Kina harufu ya moshi. Leo nimelia, na sitaandika zaidi.

Jumanne, 25 Mfunguo Nne

Msafara wa nguo umefika. Sefu kauza kidogo kidogo, kwa ngozi na kahawa. Hatutakufa njaa. Kwa Mkungu kapeleka joho moja, kwa mkopo. Kazoba katangulia nalo Bukoba, askari hawajaja. Labda watakuja. Hakuna ajuaye.

Bitegeko kawasha tanuri moja. Wanasema katoa sharti: majembe ya kwanza nyumbani, ushuru baadaye. Mkungu hajajibu ndiyo wala hapana. Watalumbana tena mwakani, nami nitasikilizia wapi?

Wanawake wakipita na majembe wanaimba wimbo mpya wa kumsifu Mkungu mwenye mkono mpana. Sauti nzuri. Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 10 Mfunguo Saba

Maharage yameiva. Mjane wa Bamanya kanitumia kapu la yale ya kwanza kuvunwa. Miguu yake imepata nafuu, anatembea na fimbo. Nyamwiza ndiye aliyeleta, akakaa mlangoni tukaanza kuchambua pamoja. Kanipikia ndizi. Zimeungua. Nimekula zote.

Eda inakwisha siku chache hizi. Sefu akitaka kunirudia ni neno moja tu, na eda ikipita ndiyo basi. Nyamwiza anajua hesabu hiyo, na Sefu anajua. Kwao kuna chumba, Nyamwiza kasema, na kwenye kibanja mjane kanikatia kipande karibu na chake. Alisema hilo akiwa ameinamia kapu.

Jioni Sefu kaja hadi mlangoni. Kakohoa. Kasimama. Nimesubiri nione kama nataka aseme lile neno la kunirudia, na sikujua. Kakohoa tena.

Nyamwiza kainuka kutupisha. Nimemshika mkono akakaa, na tukaendelea kuchambua maharage.