Nafasi ya Sufuria

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo wewe, na hilo tumbo nalo halijambo? Sisi huku wazima. Mama yako anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo. Mimi tangu nipasuliwe koo sina sauti, ila pumzi ipo, nashukuru. Wateja nazungumza nao kwa chaki: natandika kitambaa cheusi juu ya meza ya cherehani, naandika "mkono mrefu au mfupi?", nao wananijibu kwa kelele kana kwamba kilichoharibika ni masikio.

Mchoro wako wa mnara wa kumbukumbu umefika. Nimeupenda. Jiwe letu la zamani walilisimika juu mno, majina yakawa yanasomwa na ndege. Wewe umelishusha, ukalijengea baraza miguuni pake, ili mtu aketi bega kwa bega na jina la mtu wake. Mama yako anauliza kama kuna mahali pa kuegemeza mgongo. Ndivyo alivyo, mpe kitanda atauliza mto.

Kamati imekubali yote ila jambo moja. Unapajua pale sehemu ya chini ya jiwe palipozibwa saruji. Palikuwa na jina langu. Vita viliisha, sikurudi, wakanilia, mwashi akanichonga pamoja na wenzangu. Mwaka uliofuata nikaingia uani nachechemea. Mama yako akanitazama juu hadi chini, akasema, "Umechelewa, tumeshalia." Mwashi akaja na mwiko wake akanifuta.

Sasa nafasi ile ni yangu, nilipewa na kijiji, na ninataka kumpa mtu. Ni mpishi wetu wa jeshini, yule aliyenibeba mgongoni nilipopigwa risasi ya mguu, akanivusha mto. Hakuwa mtu wa huku. Jina lake la nyumbani sikuwahi kulijua, sote tulimwita Sufuria.

Mwenyekiti wa kamati amekataa. Anasema kwanza tutachekwa, sufuria gani kwenye jiwe la mashujaa. Pili, siku ya uzinduzi kila jina litasomwa na ndugu wa marehemu ataitika "Wetu", kama walivyofanya jiwe lilipowekwa. "Huyo wako ataitikiwa na nani?" Nikaandika: mimi. Akasoma, akanitazama kooni. Afadhali angenitukana.

Nisaidie, mwanangu. Nisipompa mahali mimi, hakuna mwingine duniani anayemjua.

Baba yako

19 Februari

Baba, shikamoo.

Naamini barua hii imewakuta salama, na kikohozi cha mama kimepungua. Mimi sijambo. Mjukuu wako anapiga mateke kila nikiinama kwenye meza ya kuchorea, nadhani hapendi rula.

Baba, mimi nilizaliwa baada ya wewe kurudi. Ningekosa hata mkono wa kuchora jiwe hili kama si mgongo wa huyo Sufuria. Kwa hiyo usiniombe msaada kama mgeni. Deni hili ni letu sote wawili.

Ile saruji imechoka, haichongeki. Nimewaza tuitoe, tupachike mahali pake kipande cha jiwe jeusi, tukichonge hicho. Mwenzangu karakanani anasema tutafute jiwe la rangi ileile lisionekane. Nimemkatalia. Wewe ni fundi nguo, utanielewa: kiraka kilichoshonwa vizuri hakina haja ya kujificha. Watu waone kwamba hapa paliwahi kuwa na mtu, akarudi, akampisha mwenzake.

Ila kuna kitu hujawahi kuniambia. Mama alisema mpishi alikuvusha, kisha akarudi ng'ambo kule. Alimrudia nani?

Ningekuja kumwitikia mimi mwenyewe, lakini daktari amenikataza safari mpaka nijifungue. Nimeumia sana.

Binti yako

8 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kikohozi kimeisha, kwa hiyo nagombezwa bila mapumziko.

Umeuliza, nami nakujibu. Alimrudia kaka wa mwenyekiti wa kamati. Yule kijana alikuwa amebaki ng'ambo, ameumia tumbo. Sufuria alinilaza kichakani, akaniambia, "Nisubiri hapa, namfuata mwenzako." Hakuna aliyerudi, si yeye wala mwenzangu. Nilipofika nyumbani, mama yao aliniuliza kama mwanawe aliteseka. Nikamwambia alikufa palepale. Ningemwambiaje mama mzazi kwamba mwanawe alibaki amelala anangoja? Basi neno likabaki hivyo, na mwenyekiti, wakati ule kijana mdogo, akalikuta hivyo.

Mama yao amekwishatangulia. Kwa hiyo Jumatatu nilichukua kitambaa changu na chaki, nikaenda dukani kwake. Nikaandika yote mbele ya mizani ya misumari. Mwisho nikaongeza: kaka yako hakufa peke yake, kuna mtu alimfuata.

Alisoma. Akaja mteja akitaka bawaba, akamhudumia, akamrudishia chenji. Kisha akakikunja kitambaa changu polepole, akakitia kwenye droo, akasema, "Nina kazi, mzee." Nikatoka bila kitambaa na bila jibu. Siku hiyo nilizungumza na wateja kwa vidole.

Juzi katibu kaleta ujumbe: Sufuria achongwe. Kuhusu kuitikiwa, kimya. Sijui kama amekubali kwa moyo au amenihurumia. Uzinduzi ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Nafanya mazoezi ya kusema "Wetu" nyuma ya nyumba. Kinachotoka ni upepo. Mama yako anasema ataitika yeye, lakini akianza kulia hawezi kusema.

Kipande cheusi kimefika bila ufa. Nimekipangusa kwa shati langu. Asante, mama.

Baba yako

4 Mei

Baba, shikamoo.

Mpo? Hii ni barua ya pili bila jibu. Uzinduzi umepita na sijasikia neno. Nimejifungua salama, msichana, ana vidole virefu kama vyako. Nalala nikiwaza lile jina limesomwa mbele ya watu na pakawa kimya, nawe umesimama hapo. Kama ndivyo ilivyokuwa, niambie tu. Usinifiche kama ulivyomficha yule mama.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Marahaba, na hongera, na pole kwa uchungu. Mama yako ameisoma barua yako kwa majirani wote, na wasiotaka pia. Nisamehe kwa ukimya. Kila nikianza kuandika nilichana karatasi, maana hili nilitaka ulisome vizuri.

Katibu alisoma majina. Ndugu wakaitika, wengine kwa nguvu, wengine kwa shida. Mwenyekiti alimwitikia kaka yake akakaa. Mwisho likaja: "Sufuria." Watoto wakacheka, kama tulivyoambiwa. Nikasimama. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Mama yako alikuwa amekwisha kuziba uso kwa khanga. Pakawa kimya, na nilijiona nimemleta mtu wa watu kuja kuaibishwa ugenini.

Mwenyekiti akasimama mara ya pili. Mkononi ana kitambaa changu, hakijafutwa. Akasema, "Wetu." Watoto walinyamaza. Akasema tena, kwa sauti kubwa kuliko aliyomwitikia nayo kaka yake, "Huyu ni wetu." Na baraza zima likaitika.

Alikuja akaketi karibu nami, hatukuzungumza. Mimi siwezi, yeye hakuweza.

Asante, mwanangu. Asante kwa kulishusha lile jiwe. Mwambie mjukuu wangu nitamshonea gauni. Jioni nikifunga cherehani huwa naenda pale. Mama yako alitaka mahali pa kuegemeza mgongo, na mimi nimepata pangu. Kiraka cheusi kiko sawasawa na mabega yangu. Nikiketi namwegemea, na bado ananibeba.

Baba yako