Nyuzi Mia Mbili Ndani ya Friza

Jumanne, 13 Agosti 1996
Kompyuta ya mkwe wangu Jonathan leo imetangaza kwamba chumba cha kugandishia minofu kina joto la nyuzi 238. Nikafungua mlango nione kama sangara wameiva. Wapi — kipimajoto cha ukutani kinasema 18 chini ya sifuri, kama jana. Lakini kompyuta ndiyo inayoamrisha kompresa, mashine ya kuleta baridi, nayo imeikimbiza mpaka ikaanza kunuka waya. Nikaizima kwa mkono.

Bosi Yassin kasema: Jumapili ndege ikija kuchukua samaki na kompyuta bado mgonjwa, kompyuta itatolewa kiwandani pamoja na Jonathan. Na binti yangu Evelina, mkewe, ana mimba ya pili.

Jumatano, 14 Agosti
Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe usoni. Kwa hiyo Jonathan anaongea na viatu vyangu. Nikamuuliza kama vinamjibu. Hakucheka.

Anasema maagizo aliyoandika ni mazima. Mbovu ni kompaila, programu inayoyatafsiri maagizo kwa mashine. Namba ikitoka kwenye kisanduku kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta kwenda kikubwa, kompaila inaangusha alama ya hasi njiani. Baridi inafika ikiwa joto. Na programu zote za kiwanda zimepitia humo, basi anaitibu kompaila yenyewe.

Kumbe mkalimani mlevi, nikasema.

"Ndiyo, baba," akaviambia viatu.

Alhamisi, 15 Agosti
Kamaliza. Bosi hataki ijaribiwe, friza imejaa. Wamebishana hadi jioni, Bosi kakubali kwa kununa.

Evelina kaleta ugali. Nikageukia ukuta ili mkwe ale kwa heshima. Hakugusa.

Ijumaa, 16 Agosti
Kioo cha kompyuta kimeandika hasi 18! Kompresa ikazimika yenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Baridi ikipungua hadi hasi 15, iwake yenyewe.

Hasi 16. Kimya.

Hasi 15. Kimya.

Bosi: Mzee Maige, washa kwa mkono! Nikanyanyuka. Jonathan akanidaka mkono — akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Macho mekundu, hajalala huyu. "Baba, usiguse. Nimeiagiza isubiri kidogo, ihakikishe kwanza kwamba baridi imepungua kweli."

Bosi anagonga meza. Mimi nimekaa chini ya swichi. Mkono mmoja nimeukalia. Huu mwingine unaandika, usije ukafanya ujinga.

Hasi 14.