Trekta la Tatu

Jumatano, 2 Desemba 1981
Shule imefungwa. Nimekuwa wa tatu darasani! Baba amesoma ripoti mara mbili, akaikunja, akasema, "Ntinyari, sasa nina kazi ya mtu aliyesoma."

Anataka kununua trekta kabla ya mvua ya Machi. Nilinganishe bei na sifa, niandike yote, na karatasi itakavyosema ndivyo atakavyofanya.

Trekta. Miaka mitatu neno hilo halijatamkwa nyumbani. Mama alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. Kisu tu kilisimama, halafu kikaendelea.

Ijumaa, 4 Desemba
Mwalimu Cicily alitufundisha: usichague kwa macho, piga mistari, toa alama. Nimepiga mistari. La kwanza ni Massey jipya, jekundu. La pili Ford jipya, la bluu. La tatu limeshatumika. Liko Embu kwa Suleiman, mwuza nyama wa mtaa wa Majimbo, ambaye Baba anasema huuza chochote kisichomkimbia.

Hilo la tatu ni la aina ile ile ya trekta letu la zamani – lililompindukia kaka yangu Riungu kwenye mteremko wa Mitunguu, tela likiwa limejaa mahindi kupita kiasi. Baba ndiye aliyesema magunia yote yaende safari moja. Jina la aina hiyo siandiki hata humu. Najiambia yako mengi Kenya nzima.

Baba aliliuza wiki mbili baada ya mazishi. Nyanya alitaka mbuzi achinjwe kwanza, chuma kitakaswe. Baba akasema sisi ni watu wa kanisa. Mnunuzi alitoka mbali, ng'ambo ya Tana. Hakuambiwa lilichofanya.

Jumapili, 6 Desemba
Baada ya ibada Mzee Gitari alimtania Baba mbele ya watu. "Mithika, shamba lako limesimama kama ukuta. Trekta utalifunga kamba?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akasema litakwenda kulimia watu huko chini, kwenye tambarare.

"Na dereva ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

Kicheko kikaisha. Mzee Gitari akauliza habari za kahawa.

Jumanne, 8 Desemba
Baba amempigia Suleiman simu kutoka posta ya Nkubu. Mimi nilishika penseli, yeye akirudia kwa sauti kila anachoambiwa. Injini haijafunguliwa. Tairi za nyuma mpya. Haidroliki nzima. Bei – karibu nusu ya yale mapya! "Tena lina kishikio juu ya matigadi ya gurudumu la kushoto," Baba akarudia, polepole. "Abiria akae kama bwana Dio wa tarafa."

Nikaandika: kishikio, alama moja. Sijui kwa nini sikuuliza ni kishikio cha namna gani.

Nyumbani nimejumlisha mara tatu. La bluu alama thelathini. Jekundu ishirini na tisa. La tatu thelathini na moja.

Limeshinda kwa kishikio.

Alhamisi, 10 Desemba
Tumetoka Embu. Nataka kuandika kwa utaratibu.

Lilikuwa nyuma ya bucha, limepakwa rangi mpya. Suleiman ni mnene, mcheshi. "Mzee wangu, huyu ni bibi harusi! Mwangalie, bado ananukia!" Mimi nikazunguka na karatasi yangu. "Na huyu binti je? Anakagua kama polisi wa trafiki. Mama, usiniandikie kesi!"

Nikafika upande wa kushoto. Kishikio ni kipande cha usukani wa baiskeli, kimefungwa kwa bolti mbili. Moja kubwa, moja ndogo.

Riungu alikikata kwenye baiskeli mbovu ya Baba, nilipokuwa darasa la tano, ili nisianguke akinipeleka shule. Bolti za kulingana hakupata. Nilikishika. Vidole vilijua mahali pake.

Baba alikuwa ananitazama. Akaja, akaweka mkono wake kando ya wangu. Alimwuliza Suleiman, "Huko lilikokuwa, limemdhuru mtu?"

Suleiman aliacha mzaha. Akasema anavyojua yeye, hapana; aliyemwuzia alikuwa na haja ya pesa tu. Halafu akafuta vumbi kwenye taa, na taa haikuwa na vumbi.

Njiani Baba alisema kitu kimoja: Mama asiambiwe.

Jumamosi, 12 Desemba
Sikukuu ya Jamhuri. Watoto wa jirani wanapiga madebe. Mimi nimeandika karatasi nyingine.

Kosa ni langu. Nilitoa alama kwa kitu nisichokiona, na nikasahau mstari mmoja mkubwa, wa alama kumi: chuma cha kumkinga dereva trekta likipinduka. Wakala wa la bluu alisema wanaweza kulifungia. La tatu halina. Sasa la bluu ni arobaini, la tatu limebaki thelathini na moja, kishikio kikiwemo. Ni hesabu ya haki! Sikuongeza hata alama moja ya uongo.

Nimempa Baba. Alisoma hadi mwisho, kidole kikifuata mistari. "Umefanya vizuri," alisema. Nikapata tumaini. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Niliwauzia watu kifo, Ntinyari. Nikanyamaza." Akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na ile ya kwanza.

Jumatatu, 14 Desemba
Baba ameondoka alfajiri kwenda Embu. Hakusema atafika kwa nani. Nimeomba. Nimeomba la bluu, kwa jina lake, na namba yake ya injini.

Mama ameniuliza kama nimeona rangi ya trekta. Nikasema, labda bluu. Akasema bluu ni nzuri. Hajatabasamu hivyo tangu siku nyingi.

Jumanne, 15 Desemba
Saa kumi na moja jioni. Nimeketi mlangoni mwa jiko, naandika gotini.

Zamani trekta lilipofika kwenye kona ya kanisa, Mama alilijua kwa mlio, akampakulia Riungu kabla hajaingia, ili chakula kipoe kidogo. Hakuwahi kukosea, hata lori la kahawa lilipopita hakudanganyika.

Sasa hivi kuna mlio kule chini. Unapanda. Nimesikiliza sana, nikijaribu kuusikia kuwa mpya. Unakata kidogo kwenye gia ya pili, kisha unashika.

Uko kwenye kona ya kanisa.

Mama amenyanyuka, amefungua kabati, ametoa sahani ya bati yenye ukingo wa kijani. Miaka mitatu haijatoka humo. Anaifuta kwa kanga. Anapakua.

"Ntinyari," anasema, bila kunigeukia, "mwekee kaka yako maji ya kunawa."