Mwenye Shamba Nambari Saba

Amukura, 29 Aprili 2024

Mpendwa dada Vivianne,

Kwa masikitiko makubwa, mimi Mathew, mwenyekiti wa Kikundi cha Msitu na Kinamasi cha Mto Malaba, natangaza kututoka kwa gambuti yangu ya kushoto. Ilichukuliwa na matope Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya wanachama. Imeacha mjane mmoja, ile ya kulia. Mazishi yalifanyika papo hapo, bila hotuba.

Baada ya msiba, salamu. Kifua chako kimepoa na hiyo baridi ya Nairobi? Sisi ni wazima, ila Mama Quinton anasema nimenenepa, na ni yeye anayepakua chakula.

Mikuyu na mizambarau imepandwa ukingo wote wa mto, kwenye mashamba yote kumi na mawili. Kuna kipande kidogo tu ambacho ng'ombe wamekula. Tutapanda tena. Waambie wafadhili watume awamu ya pili bila wasiwasi.

Kaka yako,
Mathew

*

Nairobi, 5 Juni 2024

Kaka mpendwa,

Pole kwa gambuti. Wasalimie Mama Quinton na watoto. Kifua kimepona, sasa kinachouma ni kichwa, na dawa yake unayo wewe.

Wafadhili wamepata picha za kutoka angani. Ukingo umechanua kijani, ila katikati kuna pengo kama jino lililong'oka. Mwezi wa nne ulisema ng'ombe. Mwezi wa tano ukaandika kiboko. Kaka, kiboko Amukura?

Nikafungua fomu. Pengo ni la mwenye shamba nambari saba, naye ni Mama Alaso. Masharti ya ruzuku yanasema mwenyekiti mwenyewe azungumze ana kwa ana na kila mwenye shamba kabla jembe halijagusa udongo. Umeweka alama ya ndiyo mara kumi na mbili.

Mama Alaso ni mama mkwe wako! Krismasi ulipomwona sokoni uliruka mtaro ukajificha nyuma ya magunia ya mihogo. Huko ana kwa ana mlikutana lini?

Shahidi aliyetia sahihi ni mimi. Hii ikijulikana vibaya, kikundi kinakosa awamu ya pili, mimi nakosa kazi, na nitakuja kulala sebuleni kwako. Bi. Cindy wa mfuko wa ruzuku anakuja kukagua tarehe 20.

Dada yako,
Vivianne

*

Amukura, 11 Juni 2024

Dada yangu,

Habari za huko? Huku kwema, wacha kupandisha presha.

Nilimwomba Mama Quinton aongee na mama yake. Akanitazama, sufuria mkononi. "Baba Quinton, mradi ni wako, aibu ni yako. Mama tu ndio wangu."

Basi nimepanga hivi: Oriokot, mwenye shamba la sita, amtembeze mgeni kuanzia la kwanza hadi lake, polepole, akimtajia kila mti. Kisha chakula, kuku wawili. Wakimaliza kula, mvua ya saa tisa itakuwa imeanza, na hakuna mgeni wa Nairobi anayeingia kinamasini na mvua.

Lala usingizi.

Kaka yako,
Mathew

*

Nairobi, 21 Juni 2024

Kaka, u mzima? Simu yako imezimwa tangu jana. Bi. Cindy amerudi ofisini, anacheka peke yake na hasemi kitu. Niandikie kilichotokea. Ukweli.

Dada yako

*

Amukura, 24 Juni 2024

Mpendwa dada,

Natumai hujambo. Mimi sijui niseme sijambo au nina jambo. Ukweli ni huu, bila kiboko.

Kuku waliliwa. Mvua haikunyesha. Bi. Cindy akanawa mikono, akasema, "Sasa twende nambari saba."

Tulimkuta Mama Alaso ndani ya mafunjo yake, panga mkononi. Aliponiona alivuta leso usoni akageuka. Nami nikageuka, nikatazama Uganda. Bi. Cindy akabaki katikati yetu na fomu yake.

"Mwambie mwenyekiti hiyo miti ni mimi nang'oa," akasema Mama Alaso.

"Mwenyekiti, anasema..."

"Nimesikia, madam."

"Mwambie hapa ndio nakata mafunjo ya mikeka. Watu wake wanakuja wanapanda katikati, hata hodi hakuna. Mara ya kwanza nikasema ni kukosea. Mara ya tatu nikasema aa, hii sasa ni madharau."

"Lakini mama, fomu inasema mlizungumza."

"Na nani? Huyu? Huyu akiona kivuli yangu anaruka mtaro!"

Wanachama wakacheka, Oriokot kuliko wote. Nikaanza kujitetea: "Madam, mila yetu hairuhusu mkwe..."

"Wacha kusingizia mila," Mama Alaso akanikatiza. "Mila imekukataza kuniangalia. Haikukukataza kutuma mtu."

Basi, dada, nikasema yote, mgongo ukiwa umemwelekea mama mkwe. Siku ya fomu, mwezi wa Machi, nilianza vizuri, shamba kwa shamba. Nambari sita ni Oriokot, na siku hiyo alikuwa na chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, na mrija mmoja haukuwa na mwenyewe. Wenye mashamba kuanzia la nane hadi la kumi na mbili walikuwa wamekizunguka chungu, kila mtu na mrija wake, kwa hiyo hao tulizungumza kweli, tena sana. Aliyekosekana chunguni alikuwa mmoja tu. Jua likaelekea magharibi, nikaweka fomu pajani, nikaweka alama zote. Mila niliikumbuka baadaye, nilipohitaji kisingizio.

Nikasema pia kwamba wewe ulitia sahihi kwa kuniamini, hukujua lolote. Hilo nililirudia mara mbili.

Bi. Cindy aliandika kwa muda mrefu. Awamu ya pili haikufutwa; imesogezwa hadi Septemba, fomu ijazwe upya. Sahihi yako imebaki. Yangu imepigwa mstari. Mwenyekiti sasa ni mwenzetu Okwara, mimi ni mwanachama wa kuchimba mashimo.

Kesho yake Okwara alikwenda kwa Mama Alaso. Wamekubaliana: mafunjo yabaki hatua arobaini kando ya maji, miti ipandwe nyuma yake, na mwenyewe atachagua mahali. Mazungumzo yalichukua robo saa, na ndani yake alipewa chai.

Robo saa, dada yangu. Nimeikimbia tangu Machi.

Kaka yako,
Mathew