Cherehani Siiuzi Tena

Baba Vaileth,

Ugali na mlenda viko jikoni, nimevifunika. Yule mteja wa Mikumi akija kuchukua cherehani yangu, mwambie siiuzi tena.

Asubuhi Vaileth amechagua upya vipande vya kompyuta ya gemu anayotaka kuunda. Ameachana na lile kasha jipya lenye taa. Atatumia kasha la kompyuta mbovu uliyopewa ofisini.

"Mama, kwani gemu linachezwa kwa kasha?"

Kwa hiyo akiba yake ya kuuza mpunga inatosha kununua vipande vilivyobaki, kadi ya picha na memori, bila pesa ya cherehani. Nimepumua. Jana nililia, wewe ukakoroma.

Tumekwenda Morogoro kununua. ~~Tutalala kwa shangazi yake.~~ Tunarudi leo. Usilale mapema, hataki kuiwasha bila wewe.

Mama Vaileth