Mawe ya Mizani Ndani ya Kanzu

Baba,

Nimevunja siri yetu. Nimeona nikwambie mwenyewe, kabla Ami Rashidi hajaja kukuzuru kaburini, maana ulimi wa ndugu yako unaujua.

Ami naye amepatikana na saratani ileile yako, nyuma ya pua, pale koo linapoanzia. Daktari alisema imewahiwa, atibiwe kwa miale ya mashine. Akakataa katakata. "Nilimuona kaka yangu," alisema. "Mate yalimkauka, chai ikampotea utamu, na bado akafa. Niacheni nife na mate yangu." Watoto wake walilia, wapi!

Hakujua yaliyotokea. Tulijua mimi na wewe tu. Soko zima la Kongowea walikuja kwako kuhakikisha uzito wa viazi na vitunguu, kwa sababu mizani yako haikumpunja mtu. Nawe wiki ya tatu ya miale, kooni hapapiti hata uji, ukaniita: "Mwanangu, nishonee mfuko ndani ya kanzu, usionekane." Kila siku ya kupimwa uzito ukatia humo mawe yako ya mizani. Uliogopa wakiona umekonda watakusimamishia matibabu. Nikashona, Baba. Nikaipiga na pasi!

Muuguzi akikuuliza, "Mzee, hujambo?" wewe, "Sijambo, alhamdulillahi," kama ilivyo desturi yetu, hata roho ikitoka mtu hajambo. Kile kinyago cha plastiki walichokufinyangia usoni ili usitikisike chini ya mashine kikaanza kulegea na kucheza. Walipouliza, ukawaambia mashavu umeyasahau nyumbani Kisauni. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Kisha ukaanguka bafuni kwa kukosa nguvu. Ukalazwa, na miale ikasimama wiki mbili, kilekile tulichokiogopa. Ugonjwa uliporudi sikuweza kukutazama machoni. "Mficha maradhi kifo humuumbua," si wewe uliyekuwa ukiwaambia watu pale sokoni? Ewe Baba!

Yote hayo nilimwambia Ami juzi baada ya alasiri, kwake Ziwa la Ng'ombe. Kisha akauliza, "Na sasa wanafanyaje?"

Nikamweleza kama daktari alivyonieleza. Mashine za sasa zinaielekeza miale ikwepe tezi za mate kadiri inavyowezekana. Mgonjwa akikonda, anapigwa picha upya na kufinyangiwa kinyago kingine, bora tu ijulikane kuwa amekonda. Na huko mbele, inshallah, mashine itaitazama shingo kila siku na kuipanga miale upya papo hapo, na damu itapimwa ijulikane nani anahitaji miale mingi na nani apunguziwe. Si yote yaliyofika kwetu, na mengine bado yanachunguzwa.

Nilimweleza Ami lakini nilikuwa nakutamani wewe. Laiti ugonjwa ungekusubiri kidogo. Ungekaa hapa ukanywa chai yangu ya iliki, ukanigombeza kuwa sukari imezidi. Hakuna anigombezaye tena. Watu wote wananihurumia, na huruma yao imenichosha. Nina hamu nawe, Baba, hamu mpaka kifua kinauma.

Ami amekubali. Alisema tu, "Basi twende," akavaa viatu papo hapo kana kwamba hospitali ingetusubiri magharibi ile. Anaanza Jumatatu, na nitampeleka mimi, kila siku mpaka amalize.

Nisamehe kwa kukufichua. Nisamehe zaidi kwa kukuficha.

Pumzika, Baba, Mola akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Nakuahidi nitaketi karibu na daktari kila mara, na uji usipopita nitasema haupiti, hata Ami akinikanyaga mguu chini ya meza.

Binti yako,
Mwanaisha