Makapu Mawili ya Mtoni, Kapu Moja la Mlimani

Mama yangu, mfinyanzi wa Ikombe,

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, nami bado nagombana na watu kwa ajili yako. Juzi bwana mmoja msomi alisema mbele ya walimu wenzangu kwamba wanawake wa ziwani wana mazoea tu, elimu hawana. Nikasimama. Unanijua nikisimama. Lakini safari hii sikumtukana. Nilimwandikia swali ubaoni, nikampa chaki. Mwisho wake nitakuambia, ila kwanza tukumbuke sote wawili.

Unaikumbuka likizo ile kabla ya mtihani wangu wa ualimu? Nafasi ilikuwa moja kwa vijiji vyote vya pwani yetu ya ziwa. Nikishindwa, ningerudi kupiga makasia. Hesabu nyingine nilizimudu. Iliyonishinda ni ya michanganyiko. Unapewa maji ya chumvi hafifu na maji ya chumvi kali, unaulizwa uchukue kiasi gani cha kila aina upate ya kadiri. Darasa zima tulijibu nusu kwa nusu kila mara, na mwalimu akatuchapa kila mara. Kuchapa alijua. Kueleza hakujua.

Nilikukuta mgongo unakuuma, nikasema udongo nitachanganya mimi. Shangazi walicheka mpaka wakakaa chini. Kwetu Wakisi mwanamume hupakia vyungu mtumbwini na kwenda kuvibadilisha kwa mahindi, kila chungu kwa ujazo wake, udongo haugusi. Shangazi mkubwa akakuuliza mahari yangu mtapokea ng'ombe wangapi. Nikachanganya: kapu moja la udongo laini wa mtoni, kapu moja la udongo wa mlimani wenye mchanga mwingi. Nusu kwa nusu.

Ulipougusa tu, ulijua. Ulifinyanga vyungu vitatu, ukavianika, ukavichoma, na vyote vitatu vikapasuka mbele yangu. Ndipo ukaniambia, "Mtoni makapu mawili, mlimani moja."

Nikakuuliza kwa nini. Shuleni nilikuwa nimeacha kuuliza hivyo.

"Wa mtoni umekaribia ninachokitaka. Wa mlimani uko mbali nacho, mbali mara mbili. Jirani mwalike na nyumba yake nzima, mwanangu. Wa mbali mwalike peke yake."

Sikuishia hapo, mama. Nilichukua kibuyu, nikakoroga udongo wa mtoni ndani ya maji, nikaacha mchanga utuame, nikaupima. Katika sehemu kumi, moja ilikuwa mchanga. Wa mlimani, nne. Udongo wako mzuri, mbili. Kutoka moja hadi mbili ni hatua moja. Kutoka nne kurudi mbili ni hatua mbili. Basi wa karibu mara mbili, wa mbali mara moja. Wewe ulikuwa umeyapima hayo kwa vidole viwili, maisha yako yote.

Siku ya mtihani swali likaja. Chumvi hafifu, moja katika kumi. Kali, nne katika kumi. Vitoke vibaba kumi na viwili vyenye mbili katika kumi. Nikaandika: vinane vya hafifu, vinne vya kali. Mkaguzi Mjerumani alipoona kibao changu hakina kanuni yake, alidai nimeibia. Akanisimamisha mbele ya wote, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema mama yangu. Mama yako ni mwalimu? Ni mfinyanzi. Akacheka, akabadilisha tarakimu: moja na sita, akataka tatu, vibaba kumi. Hajaweka chaki chini nilikwisha mjibu: sita vya hafifu, vinne vya kali. Alihesabu kwa njia yake, ndefu kama safari ya Songwe kwa miguu, akafika pale pale nilipokuwa nikimngojea. Nafasi ile nikaipata.

Nilipokuletea habari, mikono yako ilikuwa imejaa udongo. Uliuliza, "Na huyo mkaguzi alijua kwa nini, au alijua tu?" Kisha ukanipa kapu.

Tangu hapo kila mwaka, mtihani ukikaribia, nawaleta wanafunzi wangu kwenye udongo kabla ya ubao. Mwaka huu hakuna hata mmoja aliyeanguka katika swali la michanganyiko. Wanaiita njia ya mfinyanzi, nami sikuwafundisha jina hilo.

Sasa yule bwana msomi. Nilimwandikia swali lako lenyewe: udongo wa mtoni mchanga moja katika kumi, wa mlimani nne, tupate mbili. Alikuna ndevu, akatazama dari, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: nusu kwa nusu.

Nikamwambia chungu chake kimepasuka. Walimu walicheka kama shangazi zangu.

Ndaga, mama, kama walivyokushukuru Wanyakyusa wakipokea vyungu vyako vizima. Pumzisha mgongo. Makapu nimeyashika mimi.

Mwanao, aliyekupasulia vyungu vitatu.